Bunduki kwenye Tangi: Kusoma Picha za Pikipiki za Herstal

Katika somo la ufahamu hapa Rusizi, huwa tunatumia picha ili wanafunzi wajizoeze kueleza wanachokiona. Siku moja tuliwaletea picha za pikipiki kongwe za Ubelgiji. Wapenzi wa pikipiki hizo huzipiga picha kama bibi harusi: tangi limeng'arishwa, spoku zinametameta, nyuma yake hakuna mtu wala kitu. Mwanafunzi mmoja akainua mkono: "Mwalimu, bunduki inafanya nini kwenye moto?"

Darasa likacheka, maana "moto" kwa Kinyarwanda ni pikipiki, na kwa Kiswahili ni kile kinachounguza. Hata hivyo, swali lilikuwa zito. Nembo ya pikipiki za FN ilikuwa na herufi hizo mbili zilizosukwa pamoja na bunduki na pedali za baiskeli. Sisi tuliokuwa tumezitazama picha hizo mara nyingi hatukuwa tumeiona.

Tuanze na historia. Kampuni ya FN, yaani Fabrique Nationale, ilianzishwa mwaka 1889 huko Herstal, karibu na mji wa Liège, ili kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za aina ya Mauser. Baadaye ikaunda baiskeli, na mwaka 1901 pikipiki. Mwaka 1905 ilitoa pikipiki ya silinda nne iliyobuniwa na Paul Kelecom, yenye injini ya sentimita za ujazo 362. Gurudumu la nyuma lilizungushwa na mhimili wa chuma badala ya mnyororo. Leo pikipiki hiyo ni adimu, nayo hupigwa picha kwenye majumba ya makumbusho.

Katika michezo pia FN ilivuma. Victor Leloup alitwaa ubingwa wa Ulaya wa mbio za njia za matope mwaka 1952, na René Baeten ubingwa wa dunia mwaka 1958, wote wakiendesha FN. Herstal ilikuwa pia na viwanda vya Saroléa na Gillet. Ni kwa pikipiki ya Gillet ambapo Mfaransa Robert Sexé, mwandishi na mpiga picha, aliizunguka dunia mwaka 1926 pamoja na Henri Andrieux. Kamera na pikipiki, basi, ni marafiki wa zamani.

Sasa turudi kwetu. Ubelgiji iliitawala Rwanda kuanzia 1916 hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Katikati ya miaka ya 1960 FN iliacha kuunda pikipiki, lakini bunduki haikuacha. FAL, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1950, iliingia katika majeshi mengi ya Afrika. Kwa hiyo herufi zilezile ambazo kwa mkusanyaji wa Ulaya ni ukumbusho wa mbio na ushindi, kwa mzee wa ukanda wetu zaweza kuamsha kumbukumbu nyingine kabisa. Picha nzuri haisemi uongo; inachagua tu la kusema.

Wazee wetu nao walichagua. Hawakukipa chombo hicho jina kutokana na nembo, bali kutokana na mlio wake. Ndipo tukapata "pikipiki", na ng'ambo ya mto, Bukavu, mtasikia "tukutuku". Picha zimehifadhi umbo. Lugha imehifadhi sauti, pamoja na sikio la yule aliyesimama kando ya barabara, ambaye hayumo katika picha.

Ndugu wasomaji, tunawaletea kazi ndogo. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa usafiri wa abiria jijini Kigali. Zile za umeme zinachukua nafasi. Mlio uliozaa neno letu umeanza kupungua. Fungueni albamu za nyumbani, mtafute picha yenye pikipiki, kisha mwulizeni mzee: nani aliiendesha, nani aliisukuma kwenye tope, fundi alikuwa nani, sehemu zake waliziitaje? Andikeni majibu kwa Kiswahili nyuma ya picha, angali yupo wa kuulizwa.