Baada ya Kura, Kabla ya Kiapo

Katika kila nchi inayochagua viongozi wake kwa kura, kipo kipindi ambacho mwenye kura hana dola, na mwenye dola hana kura. Kipindi hicho huanza siku yanapotangazwa matokeo na humalizika siku ya kiapo. Wengi hukidhania kuwa ni muda wa kupamba uwanja, kualika wageni na kufanya mazoezi ya gwaride. Historia ya nchi zilizo jirani na Tanzania yafundisha vingine.

Tarehe 1 Juni, 1993, wananchi wa Burundi walimchagua Bwana Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU kuwa Rais wao. Alikuwa mtu wa miaka 40, aliyepata kuishi ukimbizini nchini Rwanda. Alipata karibu asilimia 65 ya kura. Mpinzani wake, Meja Pierre Buyoya wa chama cha UPRONA, ambaye yeye mwenyewe alitwaa madaraka kwa nguvu za jeshi mwezi Septemba, 1987, alikubali kushindwa. Kwa kitendo hicho alistahili sifa, na alisifiwa.

Zikabaki siku 39 kabla ya kiapo. Tarehe 29 Juni ulifanyika uchaguzi wa wabunge, na FRODEBU ikanyakua viti 65 kati ya 81. Ndipo wale waliokuwa wamezoea kuamini kwamba Ikulu na kambi ya jeshi ni nyumba moja walipoanza kuingiwa na hofu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai, baadhi ya wanajeshi walijaribu kuizuia Serikali mpya isizaliwe. Jaribio hilo lilizimwa, baadhi ya wahusika wakatiwa mbaroni, na tarehe 10 Julai Bwana Ndadaye akaapishwa kama ilivyopangwa. Kwa kutaka umoja, Rais huyo wa kwanza Mhutu alimteua Bibi Sylvie Kinigi, Mtutsi na mwanachama wa UPRONA, awe Waziri Mkuu.

Lakini Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jaribio la Julai lilikuwa ufa. Kiapo kilimpa Bwana Ndadaye kiti, muhuri na bendera; hakikumpa jeshi. Jeshi lilibaki mikononi mwa wale wale. Tarehe 21 Oktoba, 1993, kabla Rais hajatimiza miezi minne madarakani, wanajeshi walimwua. Wakamwua pia Spika wa Bunge, Bwana Pontien Karibwami, pamoja na naibu wake, Bwana Gilles Bimazubute. Kwa maneno mengine, hawakuridhika kumwondoa Rais. Waliwaondoa na wale ambao sheria iliwataja kushika nafasi yake. Vita vilivyofuata viliteketeza maisha ya mamia ya maelfu ya watu. Wananchi wa Kigoma na Kagera hawahitaji kusimuliwa habari hizo, maana waliwapokea wakimbizi kwa macho yao. Ilibidi Mwalimu Julius Nyerere, na baada ya kifo chake Mzee Nelson Mandela, wafanye kazi ya miaka mingi ya usuluhishi hadi mkataba wa amani ukatiwa saini mjini Arusha tarehe 28 Agosti, 2000.

Je, dawa ni kufupisha kipindi hicho hata kisiwepo? Kenya ilijaribu njia hiyo, na haikuponya. Jioni ya tarehe 30 Desemba, 2007, Bwana Mwai Kibaki aliapishwa Ikulu mara tu baada ya kutangazwa mshindi, huku wapinzani wakiyakataa matokeo. Haraka ile haikuacha nafasi ya malalamiko kufika mbele ya hakimu kabla ya kiapo. Yakaishia barabarani, na watu zaidi ya elfu moja wakapoteza maisha. Wakenya walijifunza. Katiba yao ya mwaka 2010 inampa mlalamikaji siku 7 za kwenda Mahakama ya Juu, na Mahakama siku 14 za kuamua. Pasipo shauri, mshindi huapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku 14 tangu matokeo kutangazwa.

Burundi ilipata mtihani wa pili mwaka 2020. Jenerali Evariste Ndayishimiye wa chama cha CNDD-FDD alitangazwa mshindi wa uchaguzi wa tarehe 20 Mei. Bwana Agathon Rwasa aliyapinga matokeo, na Mahakama ya Katiba ikalitupa shauri lake tarehe 4 Juni. Kiapo kilitarajiwa mwezi Agosti. Ghafla, tarehe 8 Juni, Rais Pierre Nkurunziza akafariki dunia. Katiba ilimtaja Spika wa Bunge kushika nafasi kwa muda. Lakini alikuwapo pia mtu aliyekwisha kuchaguliwa. Nani ashike usukani? Mahakama ya Katiba iliamua kwamba Rais mteule aapishwe mapema, na tarehe 18 Juni aliapishwa mjini Gitega. Kwa siku 10 nchi yenye majeraha makubwa haikuwa na Rais, na hakuna kikosi kilichotoka kambini kujitwalia madaraka.

Wapo waliolalamika kwamba Mahakama ile ile iliyowanyima wapinzani haki ndiyo iliyomfungulia mshindi mlango. Malalamiko hayo hayafai kudharauliwa. Hata hivyo, tofauti kati ya mwaka 1993 na mwaka 2020 ni tofauti kati ya swali lililojibiwa kwa risasi na swali lililojibiwa kwa karatasi. Karatasi yaweza kupingwa, kusomwa upya na kusahihishwa. Waliozikwa mwezi Oktoba, 1993 hawakupewa nafasi hiyo.