Daraja Ndani ya Kigasha

Katika karne ya 2, mjini Roma, mtu mmoja aitwaye Pausanias alianguka kutoka kwenye gari la farasi. Baadaye vidole vyake viwili vya mwisho, pamoja na nusu ya kile cha kati, vikafa ganzi. Matabibu wakakazana kumpaka dawa vidoleni, nafuu isionekane. Galen, tabibu mzaliwa wa Pergamon, alimuuliza alijigonga wapi, kisha akaihamishia dawa chini ya shingo, zinakochimbuka neva za mkono. Mgonjwa akapona.

Hata hivyo, ramani ya Galen ilitokana zaidi na nyani aliowapasua. Mwanaanatomia Vesalius alipochapisha kitabu chake mwaka 1543, baada ya kupasua maiti za watu, alisahihisha mengi. Polepole wanafunzi wa tiba wakazoea mchoro mmoja: mizizi 5 inasukana kama ukili kati ya shingo na kwapa, halafu inaachana kuwa neva kubwa za mkono.

Maiti zenyewe zilikuwa na habari zaidi. Mwaka 1763 Roland Martin wa Uswidi alieleza uzi mwembamba ndani ya kigasha, unaovuka kutoka neva ya kati kwenda neva ya ulna, ile ya upande wa kidole cha mwisho. Miaka zaidi ya 100 ikapita. Ndipo Wenzel Gruber, huko St Petersburg, akaketi kuhesabu: vigasha 250, na katika 38 akaukuta uzi uleule. Hesabu hiyo ya 1870 naistahi sana. Kitu kinachoonekana karibu katika mkono mmoja kwa kila saba hakifai kuitwa kasoro. Ni namna nyingine ya kuumbwa. Hata ile mizizi 5 haisukani kwa namna moja: mwaka 1918, Abram Kerr wa Marekani aliripoti sukano 175 za neva za bega, zenye maumbo 29.

Na uzi ule wa kigashani una kazi. Mtu mwenye uzi huo akikatwa na panga juu kidogo ya kiwiko, neva ya ulna ikakatika kabisa, kidole cha shahada bado huweza kutanuka kando, kwa kuwa amri imevuka kwa uzi huo kama kwa daraja. Daktari aliyeukariri mchoro mmoja anaweza kudhani neva ni nzima, akashona ngozi na kumruhusu mgonjwa. Lakini daraja hilo kwa kawaida hubeba amri za misuli, si hisia. Kidole cha mwisho kitakuwa kimekufa ganzi, kama cha Pausanias, na atakayekigusa kwa ncha ya sindano atajua kabla hajashona.