Ulimi wa Muonjaji na Divai ya Altare

Tunaposoma habari ya arusi ya Kana katika sura ya pili ya Injili ya Yohane, macho yetu hukimbilia ile mitungi sita ya mawe, na mtu mmoja tunampita bila kumsalimu: msimamizi wa karamu. Mwinjili anatuambia kwamba mtu huyu aliyaonja yale maji yaliyogeuka kuwa divai bila kujua yametoka wapi. Waliochota ndio waliojua. Basi yeye hakuonja muujiza. Alionja divai tu, akaipima kama alivyozoea kupima, akashangaa kwamba iliyo bora imewekwa mwisho, wakati ambapo kwa desturi wageni wamekwisha kulewa na ndimi zao hazitofautishi tena. Ushahidi wake una nguvu kwa sababu hakujua.

Kazi yake ilikuwa kazi halisi. Yoshua bin Sira, katika sura ya 32 ya kitabu chake, anamwonya aliyewekwa kuwa mkuu wa karamu asijivune, bali awahudumie wengine kwanza. Historia ya kazi hiyo ya kuonja ni ndefu, nami nitaeleza sehemu zake chache tu, kwa sababu inagusa swali ambalo vijana wa huku kwetu huliuliza makatekista wao: kwa nini altare inadai divai ya zabibu, hali sisi tuna kasiksi?

Muonjaji hufanya nini? Kwanza hutazama: rangi, na kama divai imetulia au ina ukungu. Kisha hunusa, na hapo ndipo kazi kubwa ilipo. Ulimi wenyewe unajua mambo machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ladha ile ya mchuzi wa nyama. Yote mengine tunayoyaita ladha, kama limau, asali, moshi au majani mabichi, hutambuliwa na pua, hata wakati kinywaji kimo kinywani. Mwenye mafua hawezi kuhukumu divai, wala kahawa. Mwisho muonjaji huchukua funda dogo, hulizungusha mdomoni, naye akiwa na divai nyingi za kupima hulitema. Anatafuta mizani: uchachu usimeze utamu, nguvu ya kileo isiunguze koo, na ule ukali wa maganda ya zabibu, uitwao tanini, usikaushe ulimi kupita kiasi. Divai yenye uchachu na tanini za kutosha inaweza kulala miaka mingi ikazidi kuwa laini. Isiyo nazo hunyauka mapema. Tusidhani kwamba kila divai huboreka kwa kuzeeka. Nyingi hutengenezwa ili zinywewe zikiwa changa.

Kanisa liliingia katika jambo hili si kwa anasa, bali kwa lazima. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba siki haifai kwa Ekaristi, kwa kuwa siyo divai tena. Lakini divai iliyoanza tu kuchacha bado ni divai, ingawa anayeitumia anakosa. Misale ya Papa Pius V ya mwaka 1570 iliandika hayo kama maagizo: ikiwa divai imekuwa siki kabisa, au imeoza, au imekamuliwa kutoka zabibu mbichi, au imechanganywa na maji mengi hata ikaharibika, hakuna sakramenti. Fikirini uzito wa maneno hayo kwa padri aliye peke yake katika kigango cha mbali. Kati ya «imeanza kuchacha» na «imekuwa siki» hapakuwa na chombo cha kupimia. Palikuwa na pua yake na ulimi wake. Leo kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inasema jambo lile lile kwa kifupi: divai iwe ya asili, itokane na zabibu, na isiwe imeharibika.

Katika nchi za joto sharti hilo lilikuwa mzigo mzito. Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868, walipanda mizabibu yao wenyewe huko Maison-Carrée, nao msafara wao wa kwanza wa kuja ndani ya Afrika uliondoka mwaka 1878, ukafika Ujiji mwanzoni mwa 1879. Divai iliyosafiri hivyo, baharini na kisha mabegani mwa wapagazi, ilikuwa katika hatari kila siku, kwa maana vijidudu vinavyotengeneza siki hupenda joto na hewa. Ndiyo sababu mwishoni mwa karne ya 19 Roma iliruhusu divai ya Misa iongezwe kileo kidogo ili isiharibike, kwa masharti kwamba kileo hicho kitokane na zabibu na nguvu yote isizidi asilimia 18. (Wareno wa kisiwa cha Madeira walikwisha kugundua ajabu nyingine: divai yao iliyotiwa nguvu ilirudi kutoka safari za nchi za joto ikiwa tamu kuliko ilivyoondoka. Lakini hiyo ni divai ya pekee. Nyingine zingekufa njiani.)

Katika miaka hiyo hiyo Louis Pasteur, aliyeombwa na Kaisari Napoléon III achunguze magonjwa ya divai, alitoa kitabu chake mwaka 1866. Alionyesha kwamba divai huharibiwa na viumbe hai vidogo mno, na kwamba kuipasha moto wa nyuzi 50 hadi 60 hivi huviua. Wafanyabiashara waliogopa kwamba moto utaua na ladha. Jibu lilitafutwa kwa njia ile ya Kana: waonjaji waliwekewa divai iliyopashwa na isiyopashwa, wakahukumu.

Mfano ulio wazi zaidi wa kuhukumu bila kujua ni wa Paris, tarehe 24 Mei 1976. Mfanyabiashara Mwingereza, Steven Spurrier, aliwaita waamuzi tisa Wafaransa, watu wa heshima katika fani hiyo, akawapa divai za Ufaransa na za California bila kuwaonyesha majina. Walipojumlisha alama, divai nyeupe ya kwanza ilikuwa ya Chateau Montelena na nyekundu ya kwanza ya Stag's Leap, zote mbili za California. Kama chupa zingeonyesha majina, sidhani matokeo yangekuwa hayo. Macho yakiona jina kubwa, ulimi hutii.

Na huku Afrika ya Mashariki? Mwishoni mwa miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana, karibu na Dodoma, Tanzania. Nchi ile ni kame, na ukame huo ndio baraka yake: mzabibu hauugui sana ukungu, na mkulima akikata matawi kwa wakati wake huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya halijui. Kutoka shamba la misheni kilimo kilienea kwa wananchi, kikapata kituo cha utafiti Makutupora, na viwanda vikafuata. Anayetaka kupanda mzabibu Walikale, chini ya msitu na mvua zetu, atavuna ukungu.

Hapa ndipo swali la vijana linaporudi. Jean-Marc Ela, padri na mwanateolojia wa Kameruni, aliliuliza kwa uchungu: mkulima wa mtama atamtoleaje Mungu kazi ya mikono yake kwa mkate na divai vilivyonunuliwa mbali? Swali hilo si la utovu wa imani. Lakini tuone pia kilichotendeka kwetu. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma iliidhinisha Misale ya majimbo ya Zaire, iliyopiganiwa miaka mingi na Kardinali Malula na maaskofu wenzake. Ngoma ziliingia, mababu wakatajwa, mwendo wa sala ukabadilika. Mkate wa ngano na divai ya zabibu vikabaki. Havikubaki kwa sababu Ulaya ina kinywaji bora. Kana haiko Ulaya, wala Hippo ya Mtakatifu Agostino, ambayo leo ni Annaba nchini Algeria. Vilibaki kwa sababu Bwana alichukua hivyo usiku ule. Ulimi unaweza kutuambia kama divai ni nzima; hauwezi kutuambia kwa nini ni divai.

Wala kasiksi haihitaji altare ili iheshimiwe. Katika utenzi wa Mwindo, uliosimuliwa na mzee Rureke na kuchapishwa na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene mwaka 1969, Mwindo anapofika kuzimu kwa Muisa anapewa kibuyu cha pombe ya ndizi, naye anakikataa, kwa kuwa ameonywa na Kahindo. Shujaa wa Wanyanga anajua kibuyu kipi si cha kunywa. Nasi tunajua desturi ya mwenye nyumba kuonja kwanza mbele ya mgeni. Mama anayekamua ndizi anatofautisha kwa pua mutobe wa asubuhi, unaofaa watoto, na kasiksi ya kesho yake iliyokolea unga wa mtama uliokaangwa, na ile ya siku nyingi iliyogeuka, ambayo hatampa mgeni hata akilipa. Hajasoma kitabu chochote cha waonjaji. Anayekunywa kanyanga katika njia za machimbo hana cha kunusa. Anahesabu vikombe tu, na huyo ndiye mgeni aliyemjia akilini msimamizi wa karamu pale Kana.