Somo la Historia: Picha Iliyopata Nuru Haba

Leo tutazungumza habari za picha za rangi nyeusi na nyeupe, na kwa nini nyingine hutoka hafifu.

Kwanza turudi nyuma. Mwaka 1860 wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika Unguja. Walikuwa wakienda bara kutafuta chanzo cha Mto Naili. Grant alikuwa na kamera, akapiga picha pale Unguja. Siku zile picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa. Kioo kilipaswa kupakwa, kupigwa picha na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo mpiga picha alisafiri na chumba chake cha giza, yaani hema dogo. Ndani yake joto lilikuwa kali mno. Speke aliandika kwamba aliogopa lingemwua mwenzake, basi wakaiacha kazi ile. Grant akashika kalamu na rangi za maji. Hivyo walipopita Usui mwaka 1861, nchi ya mtawala Suwarora upande wa Biharamulo na Ngara, alikuwa akichora kwa mkono.

Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, alieleza namna ya kutumia dawa kavu yenye jelatini. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani akaanza kuuza kamera ya Kodak yenye filamu ya kuviringishwa. Tangu hapo mtu aliweza kupiga picha leo na kuisafisha siku nyingine, mahali pengine.

Je, filamu hufanyaje kazi? Ndani yake mna chembe za chumvi ya fedha. Nuru ikizigusa, dawa ya kusafishia huzigeuza kuwa nyeusi. Zisizoguswa huondolewa na dawa ya pili. Kwa hiyo katika negativu, palipopata nuru ni peusi, na penye kivuli ni peupe.

Sasa fikiri. Umempiga picha babu yako chini ya mgomba huko Ngara, jioni, naye amevaa kanzu nyeupe. Nuru ilikuwa haba. Ufanye nini? Ukijua kosa kabla ya kusafisha, unaweza kuiacha filamu katika dawa kwa muda mrefu zaidi, pengine robo hadi nusu ya muda wa kawaida. Angalia joto la dawa, kwa maana dawa yenye joto hufanya kazi upesi. Kama filamu ni ya thamani, kata kipande kidogo ukijaribu kwanza.

Lakini usidanganyike. Kanzu itakolea sana, na chembe zitaonekana kama mchanga. Uso uliopata nuru kidogo utaongezeka kidogo tu. Na mahali ambapo nuru haikufika kabisa, dawa haina la kufanya. Dawa hukoleza kilichoandikwa na nuru, haiandiki kipya. Kwa hiyo mtoe babu kivulini kwanza, au ipe kamera nafasi ya kupokea nuru zaidi. Picha hiyo huenda ikawa ndiyo pekee wajukuu watakayoiona.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kwa nini Grant aliacha kupiga picha?
2. Dawa inaweza kufanya nini, na haiwezi kufanya nini?