Faustin Linyekula na Jukwaa la Kisangani

Historia ya sanaa za maonyesho nchini Kongo huelezwa mara nyingi kwa kuitazama Kinshasa pekee. Maisha ya Faustin Linyekula yanadai mtazamo mwingine. Alizaliwa mwaka 1974 huko Ubundu, kusini mwa Kisangani, akasomea fasihi na tamthilia mjini Kisangani. Mwaka 1993, vyuo vikuu vya Zaire vilipovurugwa na misukosuko ya kisiasa, alihamia Nairobi. Huko, mwaka 1997, yeye, Opiyo Okach na Afrah Tenambergen waliunda Gàara, kundi la dansi ya kisasa.

Mwaka 2001 alirejea nchini na kuanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa. Kisangani ilikuwa bado na majeraha mabichi, kwani Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humo kwa siku sita na raia wengi wakauawa. Hata hivyo, mwaka 2006 alihamishia makao yake huko.

Uamuzi huo haukumfungia milango ya nje. Alitunukiwa Tuzo ya Prince Claus ya Uholanzi mwaka 2007, na mwaka 2009 aliongoza tamthilia ya Racine, Bérénice, kwa ajili ya Comédie-Française. Katika Le Cargo (2011), akiwa peke yake jukwaani, anasimulia na kucheza safari yake ya kurudi Obilo kutafuta ngoma za utotoni.

Katika kazi hiyo mwigizaji, msimulizi na mchezaji hawatenganiki. Pale vita vilipoteketeza maandishi, mwili wa msanii unabaki kuwa hifadhi ya kumbukumbu.