Sauti za Wapagazi wa Unyamwezi katika Nta na Santuri

Njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ilikuwa katika karne ya 19 njia ya pembe za ndovu, ya watumwa, ya vitambaa na ya shanga. Lakini ilikuwa pia njia ya nyimbo, na habari za nyimbo hizo zimeandikwa kwa uchache mno zikilinganishwa na habari za bidhaa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo kwa malipo, na kila mmoja alibeba takriban kilo 30 akifuata nyuma ya kirangozi, mtu aliyetangulia msafara kwa kuwa aliijua njia na vituo vyake. Uimbaji wao ulikuwa wa kupokezana: mmoja huanzisha, wengine huitikia, na kiitikio hurudiwa kadiri mwendo unavyodai, hata wimbo mmoja ukaweza kudumu kwa sehemu nzuri ya asubuhi.

Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, ilijua muziki wa namna nyingine. Katika miaka ya 1880 Wamisionari wa Afrika, ambao watu huwaita Mapadri Weupe, walianzisha hapo kituo cha kulelea watoto waliokombolewa utumwani, na katika karne ya 20 mahali hapo pakajulikana kwa seminari kuu na kwa kiwanda cha uchapaji. Waseminari walifundishwa nyimbo za Kigregori, ambazo ni nyimbo za kanisa za Kilatini zenye sauti moja, zisizo na ala, zilizoandikwa kwa alama maalumu kitabuni. Hivyo mwanafunzi wa Kipalapala aliweza kusoma wimbo uliotungwa Ulaya karne nyingi kabla yake, ilhali wimbo wa babu yake aliyekwenda pwani na pembe begani haukuwa na ukurasa popote.

Baadhi ya kumbukumbu za mwanzo za sauti za wapagazi zilipatikana mbali na Unyamwezi. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa tamaduni kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alisafiri kusini mwa koloni la Wajerumani, sehemu za Lindi, Masasi na Newala, wakati majeraha ya Vita vya Maji Maji yakiwa bado mabichi. Alichukua fonografu, na miongoni mwa waliomwimbia walikuwamo wapagazi wake wa Kinyamwezi, pamoja na kiongozi wao aliyejulikana kwa jina la Pesa Mbili. Fonografu ilikuwa mashine ya kunasa sauti kwa pembe kubwa iliyoelekeza sauti kwenye sindano, nayo sindano ikachora mfuo katika mcheduara wa nta, yaani bomba fupi la nta linalozungushwa. Bomba moja lilijaa kwa dakika mbili au tatu tu. Kwa wimbo wa kupokezana upungufu huo ni mkubwa, kwa sababu uzuri wake hujitokeza kadiri unavyorefuka, mwanzilishi anapobadili maneno na waitikiaji wanapoongeza nguvu. Kilichonaswa ni mwanzo wa jambo tu. Hata hivyo mwanzo huo una thamani isiyopimika.

Hifadhi ya Fonogramu ya Berlin, iliyoanzishwa na Carl Stumpf mwaka 1900, ndiyo iliyokusanya rekodi za aina hiyo kutoka pande nyingi za dunia. Erich von Hornbostel, aliyeiongoza baadaye, alichapisha mwaka 1909 katika jarida la Anthropos uchambuzi wa nyimbo za Wanyamwezi, akiziandika kwa noti za Kizungu. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1912, reli ya kati ilifika Tabora na kazi ya upagazi kwenda pwani ikaanza kufa. Baada ya Vita Kuu ya Pili sehemu kubwa ya mabomba ya hifadhi hiyo ilipelekwa Leningrad, ikarejea kwanza Berlin Mashariki, na ikaunganishwa tena na hifadhi yake mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Ulinganisho na Ulaya unasaidia hapa. Mtunzi wa Norwei, Edvard Grieg, alitunga mwaka 1864 simfoni, yaani utungo mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa, kisha akaandika juu yake kwamba isipigwe kamwe. Lakini kwa kuwa karatasi zilikuwapo, simfoni hiyo ilipigwa na kurekodiwa katika miaka ya 1980, zaidi ya miaka 70 baada ya kifo chake. Mpagazi hakukataza wimbo wake usiimbwe, bali aliuimba mbele ya kila mtu, na bado ulikuwa hatarini zaidi kupotea.

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi muziki wa makabila mengi, Wanyamwezi wakiwamo, na santuri zake sasa zinatunzwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Kanisa nalo liligeuka: mwaka 1963 padri Stephen Mbunga alichapisha kitabu juu ya sheria za kanisa na muziki wa Kibantu, na mwezi Desemba mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaka muziki wa wenyeji upewe heshima katika ibada. Tangu hapo ngoma na kayamba, ambavyo havikuwa na nafasi katika uimbaji wa Kigregori, vikaanza kusikika ndani ya makanisa. Nakala za rekodi za Berlin na za Tracey zinastahili kuwekwa Tabora, mahali ambapo wajukuu wa wapagazi wanaweza kuzisikiliza bila kuvuka mpaka.