Taa za Mifuko ya Karatasi: Mkesha wa Krismasi Katika Mji wa Santa Fe

Mji wa Santa Fe, makao makuu ya jimbo la New Mexico nchini Marekani, ulianzishwa na Wahispania mwaka 1610. Upo katika nchi kame, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku wa Desemba hugandisha maji. Nyumba zake za udongo zina mapaa bapa na kuta nene. Kila mwaka, jua linapotua tarehe 24 Desemba, kuta, mapaa na kando za njia hupambwa kwa safu za mifuko midogo ya kaki, kila mmoja ukiwa na mshumaa unaowaka ndani yake. Historia ya taa hizo inastahili nafasi katika kitabu cha Jubilei, kwa kuwa inaonyesha namna desturi ya imani inavyoweza kubadili vyombo vyake bila kuiacha kazi yake.

Mioto ya kuukaribisha Usiku Mtakatifu

Kabla ya mifuko kulikuwa na mioto. Kuni za misonobari midogo iitwayo piñon zilipangwa kwa kupishana, mraba juu ya mraba, kisha zikawashwa mbele ya makanisa na nyumba. Wazee walieleza kwamba mioto hiyo hukumbusha ile ya wachungaji waliokesha kondeni karibu na Bethlehemu, na kwamba humwonyesha njia Mtoto Mtakatifu. Iliambatana na ibada ya Las Posadas iliyotoka Mexico, ambako ilianza katika karne ya 16. Kwa siku tisa, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba, waumini huwafuata Yusufu na Mariamu wakibisha hodi mlango hadi mlango. Hukataliwa mara nyingi, na mwisho hupokelewa.

Jeraha la mwaka 1680

Si haki kuusifu mwanga huo bila kutaja giza lililokuja pamoja nao. Imani ililetwa kwa wenyeji, watu wa Pueblo, ikiwa imeshikana na utawala wa mabavu. Ibada zao za asili zilikatazwa, na mwaka 1675 viongozi wao wa dini walikamatwa na kuchapwa viboko. Mmoja wao, Po'pay, aliongoza maasi ya mwaka 1680. Mapadri 21 waliuawa, makanisa yakachomwa, na Wahispania wakafukuzwa kwa miaka 12. Hata hivyo, leo katika kijiji cha Taos Pueblo, wenyeji wenyewe huwasha mioto mikubwa mkesha wa Krismasi na kuandamana wakitoka kanisani, huku wakiendelea kuzitunza mila za baba zao. Waliukataa mkono uliowapiga, lakini moto wa usiku ule waliufanya kuwa wao.

Karatasi na reli

Karatasi ilikuwa adimu katika nchi ile ya mbali. Njia ya biashara ya magari ya kukokotwa na wanyama ilifunguliwa kutoka Missouri mwaka 1821, ikaleta bidhaa zilizofungwa kwa karatasi. Mwaka 1846 majeshi ya Marekani yaliitwaa New Mexico, na mwaka 1880 reli ikafika Santa Fe. Wakati huohuo mfuko wenye kitako bapa ulikuwa umeanza kutengenezwa kwa mashine. Mbunifu wake, Margaret Knight, alipata hataza mwaka 1871 baada ya kumshinda mtu aliyejaribu kuidai mashine hiyo kuwa yake. Mfuko unaosimama wenyewe ukawa chombo cha bei nafuu ambacho hata nyumba maskini iliweza kukipata.

Utengenezaji wake ni rahisi. Mdomo wa mfuko hukunjwa kwa nje ili ubaki wazi, mchanga hutiwa ndani, na mshumaa mfupi husimikwa katikati. Mchanga huzuia upepo usiuangushe mfuko, na pia huushika mshumaa usiegemee karatasi na kuiunguza.

Jina la taa hizo limeleta ubishi wa muda mrefu. Huko Santa Fe na kaskazini, mfuko huitwa farolito, yaani taa ndogo, na jina luminaria ni la moto wa kuni. Huko Albuquerque, umbali wa kilomita 100 hivi, mfuko wenyewe ndio luminaria. Kila upande unaamini kwamba ndio uliopokea sawasawa.

Mshumaa na umeme

Tangu karne ya 20 zimekuwapo pia taa za plastiki zenye balbu, zilizofungwa katika waya mmoja. Hazileti hatari ya moto juu ya paa, na mzee asiyeweza kupanda ngazi hupata nuru nyumbani kwake. Lakini huwashwa kwa kubonyeza swichi, na hazihitaji jirani wala mtoto wa kubeba mchanga. Katika barabara ya Canyon Road, maelfu ya watu hutembea kwa miguu usiku huo, wakiimba na kuota moto, na mifuko yenye mishumaa bado ipo.

Walutheri nao wanalo la kukumbuka hapa. Mwaka 1839 Johann Hinrich Wichern, katika nyumba ya kulelea watoto maskini mjini Hamburg, alitundika gurudumu lenye mishumaa mikubwa minne meupe ya Jumapili za Majilio na midogo myekundu ya siku za juma. Baadaye ile midogo iliachwa, yakaongezwa majani mabichi, na sharika nyingi leo huwasha mishumaa minne tu. Hakuna anayesema kwamba Majilio yamepotea.

Farolito hudumu usiku mmoja. Asubuhi ya tarehe 25 mshumaa umekwisha, na mfuko wa mwaka huu hautafaa mwaka ujao. Kwa hiyo wazee wa Santa Fe hawakuwarithisha watoto wao taa. Waliwarithisha kazi ya kukunja karatasi na kubeba mchanga, na watoto hao wakaifanya tena kwa mikono yao. Usharika unaotimiza miaka 100 umefika hapo kwa njia iyo hiyo, na wanaoupokea sasa wana kazi ya mikono inayowangoja.